Mwaka Ambao Tambuu Hazikupea

Juzi tulisoma khitma ya mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, mama wa mume wangu, katika nyumba yake ya Kisauni, na mambo yote yalikwenda kama yeye mwenyewe angalitaka: biriani haikukauka, hakuna aliyenung'unikia sinia, na kahawa ilizunguka mpaka ikatosha. Nilikuwa nimekaa ukumbini nimeegemea ukuta, maana magoti yangu siku hizi hayapatani na mkeka, wakati Bi Rehema, shangazi yake mume wangu, alipoanza kumsifu marehemu. Alimsifu kwa upishi, akamsifu kwa ibada, kisha akafika kwenye mtambuu wake, ule uliotambaa juu ya mfenesi wa uani. "Wallahi, hapakuwa na mtu ajuaye jani la tambuu kama yeye," akasema. "Ila mato yalimwishia mapema, maskini. Mwakumbuka mwaka ule? Tambuu zimeiva zaoza, naye asema bado!" Wanawake wakacheka kile kicheko cha matangani, cha kumrehemu mtu. Mimi nilirudisha tonge siniani. Macho ya mavyaa wangu hayakuwa na kasoro yoyote mwaka ule. Nalijua hilo kuliko yeyote aliyekuwa pale ukumbini, kwa sababu ndio mwaka niliokaa na hofu tangu kukicha hadi kuchwa, na kila jani lililooza kwenye mti ule liliozeshwa kwa ajili yangu.

Nilikuwa mke kijana niliyekwisha kutokwa na mimba mbili. Zote zilitoka Mikindani, kwenye chumba cha kupanga nilichokaa na Athman mume wangu, na zote zilitoka mwezi wa tatu, nikiwa peke yangu, yeye yuko njiani na lori la makontena kuelekea mpakani. Baada ya ile ya pili mama yake alituma neno fupi tu: "Mlete hapa nimuone." Sikulipenda neno lile. Mtu akisema anataka kukuona, hujui anataka kukuona afanyeje. Nilifika Kisauni na sanduku moja na godoro, nikapewa chumba cha uani chenye dirisha la mbao linalotazama mtambuu, kitanda cha kamba kilichokuwa kikilia kila nikigeuka, na chandarua kilichofuliwa mpaka kikawa chepesi kama moshi. Siku ya kwanza tu, nikiwa bado napanga leso zangu, nikasikia sauti ya Bi Rehema jikoni akimwambia mavyaa wangu, bila hata kuishusha, kwamba kule Mkomani kuna binti wa watu, katulia, ana heshima, na kwamba Athman si wa kwanza kuoa wa pili. "Mpe mwaka huyu," akasema. "Mwaka ukipita mikono mitupu, tuseme." Nilingoja nisikie mavyaa atajibu nini. Nilichosikia ni mbuzi tu, ile ya kukunia nazi, ikikwaruza bila kusita.

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, sina haja ya kulizungusha: nishike mimba ikae, au nirudi kwetu, au nibaki nikimpisha mwenzangu chumbani. Nampenda Athman hadi leo, lakini wakati huo sikumwamini hata chembe. Alikuwa mwana mwema, na wana wema huoa wanakoambiwa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuchuma tambuu za kuuza. Mavyaa alikuwa na maumivu ya nyonga, kupanda kigoda kulikuwa kumeanza kumshinda. Wateja wake walikuwa wazee wa mtaani, mabibi wa Kisauni na Ziwa la Ng'ombe, na watu wa harusi, ambao hawakosi tambuu kwenye sinia ya posa. Nilidhani kuchuma ni kuchuma. Asubuhi ya kwanza nikamletea kapu limejaa majani ya kijani yanayong'aa, laini, mazuri ajabu, nikasimama nikingoja kusifiwa. Akachukua moja, akapaka chokaa, akatia kipande cha popoo, akatafuna mara mbili akatema kwenye kopo. "Maji haya," akasema. "Umechuma watoto. Halijapea hata moja." Kupea ndilo neno lake la kukomaa, na alilitamka kama watu wanavyotamka jina la jamaa yao. Mimi mtoto wa ploti za Mikindani nilikuwa sijapata kulisikia. Siku ya pili nikaona nimekuwa mjanja, nikachuma yaliyoanza umanjano. Akalikunja moja, likalala kimya kwenye kidole chake. "Hili nalo karatasi. Limepita. Wewe mwanangu huna katikati?"

Alinifundisha hiyo katikati kwa miezi, na alinifundisha kwa ukali. Jani changa hung'aa kama lililolowa, na hiyo ndiyo hila yake, maana jicho la mgeni hukimbilia panapong'aa. Lililopea huacha kung'aa ovyo, rangi yake hufifia kidogo kutoka kwenye kijani cha ndani, mishipa ya mgongoni husimama hata ukipitisha kidole unaihesabu, na jani lenyewe huwa na uzito mkononi. Ukilikunja, linavunjika kwa sauti. Ukilikwaruza kwa ukucha, harufu inapanda puani kabla hujainusa. Halafu huchumi ncha, unaanza chini unakwenda juu, na unachuma kwa ukucha wa gumba, si kwa kuvuta, ukivuta umeujeruhi mti. Zaidi ya hayo kuna siku tatu au nne hivi ambazo jani liko sawasawa, na ukizikosa hazirudi. Nilikuwa nikisimama juu ya kigoda kila asubuhi nikiogopa jani kama watu wanavyoogopa mtihani wa madrasa mbele ya mwalimu mwenye bakora.

Lakini hofu ya jani ilikuwa mchezo. Hofu yenyewe ilikuja na miiko. Mtambuu wa watu wa pale una miiko yake, na mkubwa kuliko yote ni huu: mwanamke aliye katika siku zake haukaribii. Akiukaribia, waliniambia, unanyauka. Mavyaa alinitamkia hayo siku ya kwanza, mbele ya Bi Rehema, naye Bi Rehema akanitazama tumboni. Sijui kama ni kweli, sijapata kujaribu na sijaribu leo. Ninachojua ni kwamba kwa mwiko huo nyumba nzima, na mtaa mzima, walikuwa wakisoma mwili wangu. Nikichuma mimi, niko tohara. Akichuma mavyaa na nyonga yake mbovu, basi mimi, Saumu, niko katika siku zangu, mimba hakuna. Wateja hawakuuliza tambuu tu. "Leo kachuma nani?" waliuliza mlangoni, kwa upole kabisa, na mimi chumbani nikajifunika uso kwa leso. Miezi ya mwanzo mavyaa alichuma mwenyewe mara zote zilizopasa, na kila mara Bi Rehema alikuwa na la kusema juu ya yule binti wa Mkomani.

Kisha ukaja mwezi ambao nilichuma mfululizo. Hakuna aliyesema kitu, pwani hatutangazi mimba changa, husuda ina masikio. Ila sahani yangu ilianza kubadilika. Mbaazi zangu zikawa na tui zito kuliko za wengine, mahamri yangu yakawa yanatoka mwisho yakiwa moto, na siku ya samaki wa kupaka nilikuta kipande cha tumbo kimewekwa upande wangu wa sinia na mavyaa akitazama pengine. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nikila huku nikihesabu siku. Mimi nilikuwa nikiijua njia hii, nilikwisha kuipita mara mbili, nikajua mahali inapokatika. Kila nikienda msalani niliingia kama anayekwenda kupokea habari ya msiba. Nilikuwa nikitazama nguo yangu kwa jicho moja. Nilikataa kucheka kwa nguvu, nilikataa kunyoosha mikono juu, nikawa nachuma majani ya chini tu mpaka mavyaa akaniuliza kama huko juu kuna nyoka.

Ijumaa moja niliamka na kuona damu. Haikuwa nyingi. Wanaojua wanajua kwamba haihitaji kuwa nyingi. Siku hiyo Bi Rehema alikuwa aje asubuhi kuchukua tambuu za harusi ya Ziwa la Ng'ombe, oda aliyoileta mwenyewe, na mti ulikuwa umejaa, majani yamepea sawasawa, ndiyo siku yake. Nilichukua kapu, nikatoka hadi mlangoni mwa chumba changu, nikasimama. Nikienda, nimevunja mwiko, na mti ukinyauka nitaambiwa na mimba yangu niliiua kwa mkono huo huo. Nisipoenda, mavyaa atachuma, na Bi Rehema ataona nani kachuma. Mavyaa akaniita kutoka jikoni.

"Saumu!"

"Abee, mama."

"Wangoja nini? Shangazi yako yu njiani."

Nilishindwa. Nikakaa chini pale pale kizingitini. Alitoka jikoni akipangusa mikono kwa kanga, akalitazama kapu tupu, akanitazama usoni, akatazama mtambuu, halafu akanitazama tena. Hakuuliza. Nilingoja ashike kapu akachume, kama alivyofanya miezi yote, na ndani ya roho yangu nilikwisha kufunga sanduku langu. Akalichukua kapu kweli. Akaenda nalo hadi stoo akalitia nyuma ya gunia la makaa, akafunga mlango.

"Njoo ukalale," akaniambia. "Miguu juu ya mto. Usishuke kitandani mpaka nikwambie."

Alinifunika mwenyewe, akanipa mkononi kofia ya kushona niliyokuwa nimeianza na kuitelekeza, ile ya matundu madogo madogo inayotaka macho na subira. "Ukiitwa, washona," akasema. Akarudisha dirisha likabaki upenyo. Kupitia upenyo ule ndiko nilikosikia yote.

"Hodi wifi!"

"Karibu. Shikamoo zako zimechelewa leo."

"Marahaba, mzee mwenzangu," Bi Rehema akacheka. "Tambuu ziwapi? Watu wa harusi washanipigia simu."

"Hazijapea."

"Hazijapea vipi?" Bi Rehema akauliza, na nikasikia viatu vyake vikielekea mfenesini. "Wifi, mimi si mzungu. Hizi hapa. Hili, hili, hili lote."

"Usiguse."

"Nalionesha tu."

"Rehema, mtambuu ni wangu. Nikisema halijapea, halijapea. Waambie watu wa harusi wiki ijayo."

"Harusi ni leo!"

"Basi wakanunue sokoni."

Mavyaa wangu hakuwahi kuiangusha harusi ya mtu. Hilo lilikuwa jina lake, hakuwa na jingine. Bi Rehema akashusha sauti, nami nikamsikia vizuri zaidi. "Saumu yuwapi?"

"Ndani. Ashona kofia ya mumewe."

"Hebu nimuamkie."

Alifungua mlango wangu kabla sijamaliza kuuma mdomo. Nikamwamkia, nikanyanyua kofia, nikachoma sindano kwenye tundu lisilo lake. Alinitazama, akatazama miguu yangu iliyofunikwa leso juu ya mto. "Mbona miguu juu?" Mavyaa akajibu kutoka nyuma yake, "Imevimba kwa kigoda changu. Nimemwambia apumzishe, hakuna cha kuchuma wiki hii." Bi Rehema akasema ile methali yetu, pole pole, macho yake hayaniachi: "Mficha uchi hazai, wifi."

"Na mchungulia uchi wa mwenzake?" mavyaa akamwuliza. "Yeye huzaa nini?"

Bi Rehema akaondoka bila tambuu. Alasiri yake muuguzi wa zahanati alikuja kwa mlango wa nyuma, mwanamke mnene mwenye mikono baridi, akanipima, akasema mlango wa uzazi bado umefungwa na kwamba dawa yake ni kulala, zaidi ya hapo tumwachie Mungu. Aliposema "bado umefungwa" nililia mpaka kitanda cha kamba nacho kikalia. Mavyaa hakunibembeleza. Alisimama dirishani akiutazama mtambuu wake, na mimi nikadhani ananikasirikia.

Damu ilikuwa ikija na kukoma, ikikoma siku mbili tatu nikaanza kutumaini, kisha inarudi. Wiki baada ya wiki nililala pale nikitazama kwenye upenyo. Nilishaijua katikati kufikia wakati huo, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu: niliyaona majani yakipita wakati wake moja moja. Yaliyokuwa sawasawa Ijumaa ile yalianza kulegea, yakaota madoa ya kahawia, yakageuka manjano, yakaanguka juu ya saruji, naye akayafagia asubuhi kabla watu hawajaja. Mapya yakapea nyuma yao, nayo akayaacha. Angeweza kuchuma mwenyewe hata siku moja, na nyonga yake hiyo hiyo. Lakini akichuma yeye, mtaa ungejua. Akichuma mtoto wa jirani, ungejua vilevile. Njia pekee ya kutotangaza nani anachuma ilikuwa asichume mtu yeyote. Kwa hiyo kila mteja aliyepiga hodi alijibiwa neno moja, "Hazijapea," huku majani yameoza nyuma ya kichwa chake, na watu walikuwa na macho.

Wakaanza kumcheka. Nilisikia hayo pia. Mzee mmoja aliyekuwa akija kila siku tangu sijaolewa alimwambia mlangoni, kwa huruma iliyonichoma, "Bi Mwanakombo, tumekua. Mwachie mwingine akutazamie." Wateja wakahamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili aliyekuwa akichuma watoto, naye akawa ndiye mwenye tambuu. Athman aliporudi kutoka safari alikuta habari barazani kabla hajafika nyumbani: mama yako hajui tena jani bichi wala bivu. Alishtuka, akampeleka hospitali ya macho, naye mama mtu akakubali kwenda kama kondoo. Akarudi na miwani. Naapa hakuwa na haja nayo. Alikuwa akiivaa kwenye ncha ya pua na kutazama juu yake, na wageni wakiondoka anaivua na kutunga uzi kwenye sindano yangu mara moja tu, bila kubahatisha. Nilimwuliza kwa nini hatumwambii Athman. "Uso wa Athman hauna mlango," akasema. "Na shangazi yake aingia bila hodi."

Hofu haikwisha siku damu ilipokoma. Ilikaa nami hadi mwezi wa tisa, kila nikigeuka kitandani, kila mtoto akikaa kimya tumboni kwa muda mrefu. Siku mimba yangu ilipokuwa haifichiki tena, mavyaa alilitoa kapu stoo, akalipangusa makaa, akanipa. Nikapanda kigoda naye amenishika kiuno kwa mikono miwili. Bi Rehema alikuja akaona tumbo, akapiga kigelegele cha kweli, sitamnyima hilo, na habari ya binti wa Mkomani sikuisikia tena. Ila wateja hawakurudi. Jina likishaharibika halifuliwi. Hadi alipokufa watu wa pale walimheshimu kwa kila kitu isipokuwa kile alichokijua.

Binti yangu alizaliwa mzima, na sauti ya kuudhi. Katika arobaini mavyaa alinikanda kwa maji ya moto kila siku, mlango umefungwa, chumba kimejaa mvuke na harufu ya udi. Siku moja, nikiwa nimelala kifudifudi, uso wangu hauonekani, nilipata ushujaa. Nilimwambia kwamba mwaka mzima nilikuwa nikimwogopa yeye kuliko mtu yeyote. Nikamwuliza kwa nini aliliacha jina lake lioze juu ya mti kwa ajili ya mtu asiyejua kama mimba yake itakaa. Alikuwa na tambara mkononi, likawa linadondoka maji juu ya mgongo wangu, hakulikamua.

"Kabla ya Athman, mimi zilinitoka nne," akasema. "Mtambuu ulikuwa wa mavyaa wangu. Na kila moja ilipotoka, alilitwaa kapu, akaufungua mlango wa njiani wote wazi, wapitao waone, akapanda kigoda akachuma mwenyewe."

Akalitia tambara majini, akalikamua, akaniambia nigeuke upande wa pili.